Taya na Utumbo: Safari Mbili za Denis Burkitt

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dk. Hugh Trowell wa wodi ya watoto alimwita mwenzake wa upasuaji aje amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Mtoto alikuwa amevimba taya zote mbili, juu na chini, kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea, mengine yamekaa upande. Uvimbe ungekuwa mahali pamoja tu, daktari angesema ni usaha wa jino au saratani ya mfupa, akaendelea na kazi. Lakini si kawaida ya saratani kuanza pembe nne kwa mpigo, wala usaha hauwi mgumu namna ile. Mpasuaji, Denis Burkitt, alipiga picha, akaandika maelezo, akabaki hana jibu.

Wiki chache baadaye alikuwa akipita wodini Jinja. Alipotupa jicho nje ya dirisha akamwona mtoto mwingine, safari hii wa kike, yuko na mama yake uwanjani, uso umevimba vilevile. Alitoka kwenda kumpima. Alipompapasa tumbo akakuta na humo mna uvimbe. Hapo ndipo alipoanza kufukua majalada ya Mulago, akagundua kwamba watoto wengi walioandikiwa majina tofauti ya ugonjwa, huyu saratani ya taya, yule ya figo, yule ya jicho, walikuwa na ugonjwa mmoja. Makala yake ilitoka mwaka 1958 katika jarida la upasuaji la Uingereza, na haikumshtua mtu. Muda si mrefu wataalamu wa vipimo, akiwamo George O'Conor aliyekuwa akifanya kazi na Jack Davies hapo Mulago, walionyesha kwamba chanzo chake ni tezi za kinga ya mwili, yaani ni limfoma, na kwamba ndiyo saratani iliyoongoza kwa watoto wa Uganda.

Burkitt hakuwa wa kwanza kuiona, na ni vizuri hilo lisemwe mapema. Albert Cook, daktari mmisionari aliyefungua Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa amekwisha kuandika habari za watoto wenye uvimbe wa taya katika daftari zake zaidi ya nusu karne nyuma. Na kabla ya Cook, bila shaka waganga na wakunga wa nchi ile waliujua kwa macho. Alichokifanya Burkitt ambacho wengine hawakukifanya ni kuuliza: unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Swali hilo lilimfaa. Alikuwa mtu wa Ireland ya Kaskazini, mzaliwa wa 1911, mlokole wa kweli kweli, aliyepoteza jicho la kulia akiwa na miaka 11 baada ya kupigwa jiwe na watoto wenzake. Aliwahi kuhudumu Kenya na Somalia akiwa daktari wa jeshi wakati wa vita, akarudi Afrika Mashariki mwaka 1946 kuajiriwa na serikali ya kikoloni ya Uganda, kwanza Lira, kisha Kampala. Maabara ya maana hakuwa nayo. Fedha za utafiti alizopewa mwanzoni zilikuwa pauni 25. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi yenye picha za watoto wenye uvimbe, akaisambaza kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza jambo moja: mmeona hii? Majibu yalipokuja aliyachomeka ramanini ukutani, pini kwa pini.

Pini zikajipanga zenyewe. Zilifanya mkanda mpana katikati ya Afrika, pande zote za ikweta, na mkia mrefu ulioshuka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Burkitt akataka kujua mkia ule unaishia wapi. Oktoba 1961 alitoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams wa Hospitali ya Kuluva huko West Nile na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walikwenda wiki kumi, maili zipatazo 10,000, wakapita Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru wa Desemba, wakashuka Nyasa na Rhodesia hadi Afrika Kusini, wakiingia hospitali zaidi ya 50 njiani. Kazi yao katika kila hospitali ilikuwa ileile: kutoa picha, kumwonyesha daktari au muuguzi, na kuandika ndiyo au hapana.

Waliporudi walikuwa na jibu lisilotarajiwa. Ugonjwa haukuwa na habari na mipaka ya makabila wala ya nchi. Ulifuata joto na mvua. Karibu na ikweta haukupanda juu ya futi 5,000 hivi. Vilima vya Kigezi, Rwanda na Burundi vilikuwa salama. Kadiri walivyozidi kwenda kusini, ambako baridi inakuja hata mabondeni, mpaka huo wa mwinuko ulizidi kushuka. Watu waliohamia Buganda kutoka nyanda za juu za Rwanda nao waliupata, tena wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji, kana kwamba kuna kitu cha mabondeni ambacho miili yao ilikuwa haijapata kukutana nacho. Na Zanzibar, yenye joto na mvua za kutosha, ilikuwa karibu haina kabisa. Zanzibar wakati huo ilikuwa katikati ya kampeni kali ya kupiga dawa majumbani dhidi ya mbu.

Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe, alipoiona ramani alisema inafanana na ramani za magonjwa ya mbu. Hitimisho la haraka lilikuwa kwamba saratani hii inaletwa na kirusi kinachobebwa na mbu. Hitimisho hilo lilikuwa sahihi nusu kwa nusu, na ilichukua miaka mingi kujua nusu ipi ni ipi.

Miezi saba kabla ya safari hiyo, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa London likizoni na alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Nyuma ya ukumbi alikaa Anthony Epstein, kijana aliyekuwa akichunguza kwa hadubini ya elektroni kirusi cha Rous, kile kinachosababisha saratani kwa kuku. Habari za Peyton Rous na kuku wake zilijulikana tangu 1911, lakini wataalamu wengi walizichukulia kama kioja cha kuku, kisichomhusu binadamu. Epstein alikuwa mmoja wa wachache waliodhani vingine. Mhadhara haujafika mwisho alikwisha amua kuacha kuku na kutafuta kirusi katika uvimbe wa watoto wa Uganda.

Basi vipande vya nyama vilivyokatwa katika taya za watoto vikaanza kusafiri kwa ndege kutoka Entebbe hadi London, ndani ya chupa. Miaka miwili Epstein alitazama, hakuona kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyobeba chupa moja ilikuta London imefunikwa na ukungu, ikatua Manchester. Chupa ilipofika maabara jioni, maji yake yalikuwa yamechafuka. Maji ya namna hiyo kwa kawaida humaanisha bakteria wameingia, na chupa hutupwa. Epstein alichukua tone akalitazama kwanza. Hapakuwa na bakteria. Palikuwa na seli za saratani zilizotikiswa zikaachana na nyama, zinaelea peke yake, hai. Kwa kuelea huko ndiko yeye na msaidizi wake Yvonne Barr walikopata njia ya kuziotesha, jambo ambalo halikuwahi kuwezekana kwa seli za aina ile. Februari 1964 waliziweka chini ya hadubini ya elektroni. Katika seli ya kwanza kabisa Epstein aliona virusi vya jamii ya hapesi. Alisimulia baadaye kwamba aliogopa mwale wa hadubini ungeunguza alichokuwa akikiona, akazima mashine, akatoka kutembea kwenye theluji bila koti hadi akili ikatulia.

Makala ya Epstein, Bert Achong na Barr ilitoka Machi 28 mwaka huo, na kirusi kikaitwa Epstein-Barr, EBV kwa ufupi. Ugonjwa nao ukabaki na jina la Burkitt. Watoto waliotoa taya zao hawana jina popote katika habari hii, na katika maandiko ya wakati ule hutajwa kwa umri na wilaya tu.

Hapa simulizi nyingi hukoma: kirusi cha kwanza cha saratani ya binadamu kimepatikana, tupige makofi. Mimi naona hapa ndipo mambo yanapoanza, kwa sababu ugunduzi huu ulikuja na aibu yake. Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia walipotengeneza kipimo cha damu cha EBV, waliikuta karibu kila mahali walipopima. Msaidizi mmoja wa maabara yao, ambaye damu yake ilikuwa safi, aliugua homa ya kuvimba tezi inayowapata vijana wa Ulaya na Marekani, na alipopimwa tena kumbe ameambukizwa. Leo tunajua zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanacho kirusi hiki, wengi bila kuugua siku hata moja. Watoto wa Afrika Mashariki hukipata kwa mate, wakiwa wachanga au wakianza kutembea, na karibu wote wanacho kabla ya kufika umri wa kwenda shule. Sasa, ikiwa wote wanacho, kwa nini mtoto mmoja katika maelfu ndiye anayevimba taya? Na kwa nini wa Jinja, asiwe wa Kabale huko Kigezi au wa London?

Kundi la Guy de-Thé lilijaribu kujibu kwa njia ndefu. Kuanzia 1972 lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, katika miaka ya Idi Amin ambayo haikuwa miaka myepesi ya kufanya kazi yoyote Uganda, likasubiri kuona ni nani atakayeugua. Matokeo ya 1978 yalionyesha kwamba watoto waliokuja kupata limfoma walikuwa na kingamwili nyingi sana dhidi ya EBV muda mrefu kabla ya kuugua, na kwamba wenye kiwango hicho kikubwa walikuwa katika hatari mara 30 kuliko wengine. Maana yake katika miili yao kirusi hakikuwa kimelala. Kuna kitu kilikuwa kikikiamsha.

Kitu hicho, karibu kila mtu alikubali, ni malaria. Gilbert Dalldorf, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki, alikuwa amekwisha kulisema hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960: mkanda wa limfoma ni mkanda wa malaria isiyokoma mwaka mzima. Ubishi ulikuwa juu ya ushahidi. Ukitaka kuthibitisha, ondoa malaria uone kama limfoma itaondoka nayo. Jaribio hilo lilifanyika Tanzania, Mara Kaskazini, kando ya Ziwa Victoria, eneo ambalo hospitali ya Shirati ilikuwa ikiweka kumbukumbu nzuri za limfoma. Tangu 1977 hadi 1982 watoto wa chini ya miaka kumi walipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi. Mwanzoni malaria ilishuka. Limfoma ilipungua sana. Kisha vimelea vikaanza kuizoea klorokwini, mradi ukaisha, na limfoma ikapanda tena. Mtu angedhani kesi imekwisha. Lakini watafiti, kwa uaminifu wa kusifiwa, walikiri katika ripoti yao ya 1989 kwamba limfoma ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya kidonge cha kwanza kutolewa. Wazazi wa Mara walivumilia miaka mitano ya vidonge, na sayansi ikapata jibu la "huenda".

Jibu lililo wazi zaidi lilitoka ndani ya seli. Seli B za kinga, zile zinazotengeneza kingamwili, ndimo EBV inamokaa. Malaria inapomsumbua mtoto mwezi baada ya mwezi, seli hizi hulazimishwa kuongezeka kwa wingi, na ndani yake hufanya kazi kimeng'enya kinachokata na kubadilisha vipande vya vinasaba ili kingamwili bora zipatikane. Kimeng'enya hicho hukosea. Mara chache sana hukata mahali pasipostahili, na jeni iitwayo MYC, inayoamuru seli igawanyike, huruka kutoka kromosomu ya 8 kwenda ya 14, mahali ambapo haizimwi tena. Seli iliyopatwa na ajali ya namna hiyo hupaswa kujiua. EBV, kwa maslahi yake, huizuia isife. Wakati huohuo malaria imezichosha seli T ambazo zingewinda seli zenye kirusi. Watafiti waliofuatilia watoto wa magharibi mwa Kenya waliongeza jambo: watoto wachanga wa Kisumu, penye malaria nyingi, waliambukizwa EBV mapema zaidi kuliko wenzao wa milima ya Nandi. Kirusi na kimelea, kila kimoja peke yake, hakitoshi.

Niseme jambo moja la matumizi hapa, kwa kuwa ugonjwa huu bado uko kwetu. Uvimbe wa limfoma ya Burkitt unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyohiyo dawa huuyeyusha upesi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 Burkitt na wenzake waliona watoto wakipona baada ya dozi chache za dawa za saratani, jambo ambalo siku zile halikuaminika. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa Taasisi ya Saratani ya Uganda mwaka 1967. Mtoto anayelegea meno na kuvimba taya ndani ya wiki moja anahitaji hospitali leo. Kumng'oa jino na kusubiri ni kumpotezea siku asizokuwa nazo.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966, akaajiriwa na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, London. Alikuwa mtu maarufu sasa, na angeweza kuishi kwa kusimulia taya hadi uzeeni. Mwaka uliofuata Richard Doll, yule aliyethibitisha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, alimkutanisha na mawazo ya Peter Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini aliyekuwa akiandika kwamba maradhi mengi ya Wazungu yanatokana na sukari na unga mweupe. Burkitt alipoyasoma alikumbuka wodi za Mulago. Miaka karibu ishirini ya upasuaji Uganda, na saratani ya utumbo mpana kwa Mwafrika alikuwa ameikuta kwa nadra mno, ilhali huko Uingereza ilikuwa miongoni mwa saratani zilizokuwa zikiua sana. Akarudia mbinu yake ileile. Aliandikia hospitali za misheni, Afrika na Asia, akaziomba takwimu za kila mwezi: mmeona saratani ngapi za utumbo, vidole tumbo vingapi, bawasiri ngapi?

Safari hii hakufuata mbu, alifuata choo. Ndiyo, choo. Yeye na wenzake, akiwamo Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa London, waliwaomba watu wa nchi mbalimbali wameze vidonge vidogo vinavyoonekana kwa eksirei, kisha wakusanye kinyesi chao chote katika mifuko ya plastiki. Mifuko ikapimwa uzito na kupigwa eksirei ili vidonge vihesabiwe vimetoka lini. Ripoti yao ya 1972 ilionyesha kwamba kwa wanavijiji wa Afrika chakula kilipita tumboni kwa siku moja na nusu hivi, na kinyesi kilikuwa kingi na laini. Kwa Waingereza kilichukua karibu siku tatu au zaidi, na kilichotoka kilikuwa kidogo na kigumu. Katika mihadhara yake Burkitt alikuwa akionyesha slaidi za kinyesi alichokipiga picha porini alfajiri, mbele ya mabwana waliovaa tai. Inasemekana alifurahia sana nyuso zao.

Aliyeshirikiana naye kuandika kitabu cha kitaalamu juu ya mambo haya mwaka 1975 alikuwa Hugh Trowell, yule yule aliyemwita wodini mwaka 1957. Wazee wawili wa Mulago, mmoja akiwa tayari amekuwa mchungaji wa Kanisa la Anglikana, walisema kwamba tofauti iko katika nyuzinyuzi: maganda ya nafaka, kunde, mboga, mihogo, vitu ambavyo kinu cha kisasa huviondoa. Watu wengi wanakumbuka sehemu ya nyuzinyuzi. Sehemu inayosahauliwa ni kwamba tangu makala yake ya 1971 Burkitt aliwataja bakteria. Alidhani kwamba chakula kisicho na nyuzinyuzi hubadilisha idadi na aina ya bakteria wa utumboni, na kwamba bakteria hao waliobadilika hutengeneza sumu za saratani zinazokaa muda mrefu zikigusa ukuta wa utumbo. Hakuwa na namna ya kuwatambua bakteria wenyewe, kwa kuwa wengi wao hawaoti maabara. Ilibidi kusubiri mashine za kusoma vinasaba.

Mashine zilipokuja zilimpa haki kwa sehemu kubwa. Bakteria wa utumbo mpana wakipewa nyuzinyuzi huzichachusha na kutoa butirati, asidi ambayo seli za ukuta wa utumbo huitumia kama chakula chake, na ambayo hupunguza uvimbe wa ndani. Wakinyimwa nyuzinyuzi na kupewa mafuta, bakteria wengine hushika nafasi na kugeuza nyongo kuwa asidi zinazochokoza seli. Mwaka 2015 kundi la Stephen O'Keefe lilitoa matokeo ya jaribio rahisi kueleza na gumu kutekeleza. Wamarekani Weusi 20 wa Pittsburgh walilishwa chakula cha kijiji cha Afrika Kusini, chenye uji na ugali wa mahindi na maharage, na wanavijiji 20 wa KwaZulu wakalishwa soseji, baga na viazi vya kukaanga. Wiki mbili tu. Kwa Wamarekani zile asidi za nyongo zilipungua kwa asilimia 70. Kwa wanavijiji ziliongezeka kwa asilimia 400. Dalili za uvimbe katika ukuta wa utumbo zilipungua upande mmoja na kupanda upande wa pili. Wiki mbili haziwezi kuthibitisha habari za saratani, ugonjwa unaochukua miaka kumi au ishirini kujitengeneza. Lakini mtu anayenunua sembe nyeupe kwa sababu dona ni ya maskini angefaa kuzisikia takwimu hizi.

Kwa hiyo mtu mmoja alifungua milango miwili, wa virusi na wa bakteria, na wanafunzi wa kila mlango wakaenda zao, wasisalimiane kwa miaka mingi. Waliokutana tena walikutana tumboni. Huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba bakteria Helikobakta pailori anaishi katika asidi ya tumbo na ndiye chanzo kikubwa cha vidonda. Marshall, alipoona haaminiki, alimnywa bakteria huyo mwaka 1984, akaugua tumbo, akapona. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilimtaja bakteria huyo mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani, na Nobeli ikaja 2005. Kwa upande mwingine, waliochunguza saratani za tumbo moja moja walikuta karibu moja kati ya kumi ina EBV ndani ya seli zake, kile kirusi cha chupa iliyotua Manchester.

Je, wawili hawa wanajuana? Mwaka 2016 kundi la Masanori Hatakeyama huko Tokyo lilieleza namna moja. Helikobakta mkali huichoma seli ya tumbo na kuingiza protini iitwayo CagA, inayovuruga amri za seli. Seli ina kimeng'enya chake cha kujitetea, SHP1, kinachoipokonya CagA nguvu. EBV ikiingia katika seli ileile, huifunga jeni ya SHP1. Ulinzi unaondoka, na CagA inafanya itakalo. Bakteria analeta silaha, kirusi kinamfungulia mlango kutoka ndani. Ni namna ileile ya ushirikiano iliyoonekana kwenye ukanda wa malaria, ila wahusika wamebadilika.

Tawi la mwisho la simulizi hii linapitia tena kwa akina Henle. Miongoni mwa waliofanya kazi katika maabara yao miaka ya 1960 alikuwa Mjerumani, Harald zur Hausen. Mwaka 1970 yeye na wenzake walionyesha kwamba vinasaba vya EBV vimo ndani ya seli za limfoma ya Burkitt hata pale kirusi chenyewe kisipoonekana. Akalibeba wazo hilo kwenye saratani ya mlango wa kizazi. Wenzake walikishuku kirusi cha hapesi. Yeye akasema ni papiloma, kirusi cha jamii ya vile vinavyoleta chunjua. Alichekwa. Mwaka 1983 akatoa aina ya 16, mwaka uliofuata aina ya 18, na hizo mbili ndizo zenye kubeba takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Nobeli yake ilikuja 2008.

Na hapa pia swali la Mulago lilirudi. Wanawake wengi huambukizwa kirusi cha papiloma wakati fulani maishani, na miili ya wengi hukiondoa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa nini kwa wengine hakiondoki? Kinga iliyodhoofika kwa VVU ni sababu mojawapo kubwa. Nyingine ni majirani. Uke wenye afya mara nyingi hutawaliwa na bakteria wa jamii ya laktobasila, hasa yule anayeitwa krispatusi, wanaotoa asidi ya maziwa na kuwafukuza wengine. Wanapopungua na mchanganyiko wa bakteria wengine kushika nafasi, utando wa kinga hulegea, uvimbe huingia, na kirusi hupata muda wa kukaa. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na wenzao wa Nebraska nchini Marekani walitoa matokeo ya wanawake wa Tanzania: bakteria wa mlango wa kizazi walitofautiana kulingana na hali ya VVU na ukubwa wa vidonda vya awali vya saratani, na jamii ya mikoplazma iliongezeka kadiri vidonda vilivyokuwa vikubwa. Bado haijulikani vizuri ni nani anayemtangulia mwenzake. Lakini picha inazidi kufanana na ile ya pini ukutani: kirusi kimoja, ardhi tofauti, matokeo tofauti.

Burkitt alifariki Machi 1993, na Epstein akamfuata Februari 2024 akiwa na miaka 102. Kwa makadirio ya mwaka 2018, saratani mpya zipatazo milioni 2.2 duniani zilitokana na maambukizi, na walioongoza walikuwa Helikobakta na papiloma. Hakuna chanjo ya EBV hadi leo, na bakteria wa mwilini hawapangwi kwa amri. Papiloma ni tofauti. Uganda ilianza kutoa chanjo yake kwa wasichana nchi nzima mwaka 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019, na Tanzania sasa inatoa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bure, shuleni na vituo vya afya. Kama una binti wa umri huo na hujui kama amechanjwa, muulize mwalimu wake wiki hii.